Pampu Isiyotakiwa Kulowa

Mlio ulianza tulipoacha malisho ya juu, jua likiwa limebaki kidole kimoja juu ya mlima. Ulikuwa mlio mwembamba, kama panya aliyebanwa mlangoni. Mimi nimechekesha watu kwenye harusi za mkoa wetu wa milimani wa Naryn kwa miaka thelathini, na mtu wa kazi hiyo akiogopa hufanya kitu kimoja tu. Nikatania.

"Umesikia, Burul? Hata gari limeshikwa na uchungu. Leo tunazaa mapacha."

Burulcha, mwanangu wa pekee, alikuwa amelala kiti cha nyuma, magoti juu, kitambaa cha kichwa kimelowa jasho. Mumewe yuko Urusi anajenga maghorofa ya watu. Yeye alikuja kupumzika hemani kwangu, ale hewa safi na maziwa ya farasi huku akingoja siku zake. Siku hazikungoja. Zilitangulia kwa wiki tatu.

"Baba," akasema, "endesha tu."

Nikaendesha. Hospitali ya wilaya iko kilomita sitini, na simu hazishiki mpaka ufike bondeni. Kabla hatujaondoka, jirani yetu Salkin alikuwa amemwekea Burul kisu chini ya kichwa, makali yakielekea mlangoni, kama anavyowekewa kila mwanamke wa kwetu uchungu ukimwanza. Akaninyooshea kidole.

"Janish, hiki kisu hakitoki hapa mpaka mtoto alie. Umenisikia? Usituletee vichekesho vyako."

Nilimsikia. Nataka mjue hilo. Nilimsikia vizuri sana.

Tulipofika kwenye kinu cha zamani, mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho na mvuke ukafumka kwenye boneti. Nikasimama kando ya kijito. Hosi ya juu ya rejeta ilikuwa imelegea, maji yanaruka. Kazi ya dakika mbili: kaza skrubu ya kibano, jaza maji, ondoka. Nikafungua sanduku la vifaa. Mlikuwa na spana tatu, soksi moja, na ndevu za bandia za kazini. Bisibisi hakuna.

Nyuma, Burul alipiga kelele, akauma mkono wake.

Nikaingiza mkono chini ya kichwa chake, nikachomoa kisu.

"Baba, umechukua nini?"

"Nakirudisha sasa hivi, mama."

Skrubu ikakaza. Yalibaki maji. Jua lilikuwa limeshazama, na kwetu hata mtoto wa miaka mitano anajua kuwa mwanamke akiwa katika uchungu, maji hayatekwi gizani. Lakini nilijiambia haya si ya kunywa. Haya ni ya gari. Gari halizai. Nikachota ndoo kijitoni, nikajaza rejeta, nikafunga, nikarukia usukani.

Kisu kilibaki juu ya jiwe.

Hatukufika mbali kabla mlio haujabadilika.

Haukuwa tena mlio wa panya. Sasa ulikuwa unavuta na kuachia. Hhhii... hhaa. Hhhii... hhaa. Na harufu ikaingia ndani: maziwa yaliyochacha na nywele zilizoungua. Nikafungua dirisha. Harufu haikutoka.

Nikapunguza mwendo kwenye kona. Mlio ukapungua. Pumzi za Burul zikapungua.

Nikakanyaga mafuta. Mlio ukaenda mbio. Burul akaanza kuhema kama mbwa wa mchungaji.

Nikajaribu mara ya tatu, ingawa moyo ulinikataza.

Ikawa vilevile.

Gereji ya Kalmurat iko chini ya mlima, pale barabara inapokutana na mto. Babu yake alikuwa mhunzi, na babu wa babu yake pia. Fuawe lao, lile pande la chuma wanalopondea vyuma, bado liko uani, na nyuma ya gereji liko tanuri la ukoo. Kalmurat mwenyewe ni fundi wa magari. Mtu mnene, mchafu, mdomo wake mkali. Nilipoingia uani alikuwa kibarazani anatafuna jibini kavu.

"Lo! Si yule mchekeshaji?" akasema. "Wewe ndiye uliyemwambia mama yangu mbele ya wageni mia mbili kwamba ana masharubu mazuri."

"Fundi, binti yangu anazaa. Gari linalia. Lori lako liko wapi? Nipeleke hospitali, nakuomba."

"Lori langu halina giaboksi, kaka. Limekaa pale kama mkwe mvivu. Fungua boneti. Usizime injini."

Akachukua bisibisi ndefu kuliko mkono wake. Ncha akaigusisha kwenye alternata, mpini akauweka sikioni, kama daktari na mgonjwa. Akatikisa kichwa. Akaigusisha kwenye kichwa cha injini. Akatikisa kichwa. Akashuka mbele, kwenye pampu ya maji, nyuma ya feni.

Akakaa hapo.

Akakaa sana.

Niliona jibini likidondoka kutoka mdomoni mwake.

"Ni nini?" nikauliza. "Beringi?"

"Beringi imekufa, ndiyo. Mhimili wa pampu unacheza." Alisema kwa sauti ndogo, hata ule ukali wake ulikuwa umemwishia. "Zima injini kidogo."

Nikazima.

Kimya.

Mto ulisikika. Mbwa alisikika ng'ambo. Burul hakusikika. Nikageuka, nikamwangalia kifuani. Kifua hakipandi. Midomo inaanza kuwa ya buluu. Macho yako wazi, yananitazama mimi.

"Washa!" Kalmurat alipiga boneti kwa ngumi. "Washa, mtu wewe!"

Nikawasha. Hhhii... hhaa. Burul akavuta pumzi kama mtu aliyetolewa mtoni.

Kalmurat akaja dirishani kwangu. Hakunitazama mimi. Alitazama chini ya kichwa cha binti yangu.

"Kaka Janish. Kisu kiko wapi?"

Nikageuka kutazama njia tuliyotoka.

"Na maji ya rejeta uliyachota wapi? Saa ngapi?"

Nikamwambia. Nilidhani atanitukana. Angenitukana ningepumua. Alikaa chini tu, hapo hapo kwenye mafuta machafu, akajishika kichwa.

Kwetu anaitwa albarsti. Mwanamke wa njano, nywele zake za njano, matiti yake ameyatupa mabegani. Mwanamke akiwa katika uchungu, yeye huja akamchomoa mapafu kimya kimya na kukimbilia maji. Akiyachovya tu, basi. Aliyelala hapo ni maiti, hata kama bado ni wa moto. Chuma humzuia. Mhunzi humzuia. Mimi chuma nilikiacha juu ya jiwe.

"Hajafika majini," Kalmurat alisema. "Nisikilize vizuri. Alidandia gari pale kijitoni, akajibana penye joto, kwenye mhimili wa pampu. Anayo pumzi ya binti yako mkononi. Upande huu wa pampu ni pakavu. Upande wa pili ni maji. Katikati kuna sili, mpira mwembamba kama ukucha. Beringi imekufa, mhimili unapigapiga, na kila ukipiga unakula sili. Anaula huo ukuta, kaka. Ukiisha..."

Tukainama wote na tochi. Chini ya pampu kuna tundu dogo, maji hutokea hapo sili ikianza kuvuja. Lilikuwa limelowa. Tone moja lilikuwa linajikusanya, bado halijaanguka.

"Tuondoe pampu," nikasema.

"Huwezi kuondoa pampu injini ikiwaka."

"Na nikizima injini anakufa!"

"Najua! Unadhani sijui?"

Burul alisema kitu. Tulimwendea. Alisema, "Baba, kifua changu kiko mbali."

Niliwahi kusimama mbele ya watu mia sita wasiocheka. Nilidhani hiyo ndiyo hofu.

Kalmurat akaingia gerejini mbio, akarudi na nyundo ya babu yake. Akanivuta mpaka kwenye fuawe, hatua tatu kutoka mlango wa gari. "Utapiga. Pigo moja, avute. Pigo la pili, aachie. Chuma kitamshikia pumzi badala ya injini. Usisimame, hata mkono ukikatika. Na umsemeshe, asilale. Akilala tumemkosa."

"Nimsemeshe nini?"

"Wewe unaniuliza mimi? Hiyo si ndiyo kazi yako?"

Nikaanza. Kang. Kang. Kalmurat akazima injini.

Kang... Burul akavuta. Kang... akaachia. Ndogo, nyembamba, lakini ipo.

Kalmurat akafungulia maji ya rejeta yakamwagika kwenye karai, akalifunika karai kwa bati haraka kama aliyefunika nyoka. Akafungulia na ya injini. "Ndani ya pampu hubaki kidogo," akanong'ona. "Kama kijiko. Kijiko kinamtosha." Akalegeza mkanda wa feni, akauvua, akautupa.

Kisha akarudi nyuma.

Injini imezimwa. Mkanda umetoka. Feni inazunguka.

Inazunguka polepole, ubawa baada ya ubawa. Hhhii... hhaa... Imekaa kwenye mhimili ule ule wa pampu, na mhimili unajisaga ndani. Bolti za pampu ziko nyuma yake, na hakuna mkono wa mtu unaoweza kupita. Kalmurat alipeleka spana. Feni ikaipiga, ikairusha mpaka ukutani. Akaishika feni kwa mikono miwili. Nikamsikia akilia kwa maumivu. Vidole vikachanika.

"Haishikiki," akasema. "Ina nguvu kama ng'ombe."

Kang. Kang.

"Baba," Burul akasema, "nasikia usingizi."

"Usilale, mama! Sikiliza. Jirani yangu alinunua farasi mnadani." Sijui ilitoka wapi. Ilitoka tu, kama jasho. Kang. "Akaambiwa, farasi huyu ana adabu sana, hali mpaka akaribishwe." Kang. "Na jirani yangu naye ana adabu sana, hakaribishi mpaka aombwe." Kang. "Siku ya nne, wakamzika farasi."

Mtu alicheka.

Hakuwa Burul. Macho ya Burul yalikuwa yamefumba nusu. Hakuwa Kalmurat, aliyekuwa anavuja damu na kuuma meno.

Kilitoka chini ya boneti. Kicheko kidogo, cha puani, cha mtu anayejizuia.

Feni ilikuwa imesimama.

Nilibaki nyundo juu. "Piga!" Kalmurat akanong'ona, na mkono wake tayari uko ndani. "Piga, na uendelee kusema. Akicheka, mkono wake unalegea. Endelea, kaka!"

Kang. "Mama mkwe wangu alikuja kututembelea siku tatu." Kang. "Hiyo ilikuwa miaka kumi na tano iliyopita." Kang. "Bado anamalizia chai."

Kicheko. Bolti ya kwanza ikalia, ikatoka.

Nikampa hadithi ya bwana harusi aliyepanda farasi akitazama mkiani. Bolti ya pili. Nikampa ya mullah na mbuzi. Akacheka nusu, feni ikaanza tena kusogea. Nikampa ya mwalimu wetu na suruali ya mkewe. Hakucheka. Nikampa ya mkuu wa wilaya. Kimya kabisa. Feni ikashika kasi. Chini ya pampu tone likaanguka. Tap. La pili likaanza kujikusanya.

Burul alivuta pumzi, halafu pigo likapita bila yeye kuachia.

"Nyingine!" Kalmurat alinong'ona. "Bolti zimebaki mbili. Mpe hadithi nyingine!"

"Zimeisha!"

"Miaka thelathini, zimeisha?"

"Hazipendi! Amezisikia zote, huyu!"

Nilijisikia nikisema hivyo, na nikaganda. Amezisikia zote. Angezisikia wapi?

Hapo nikajua ni ipi ambayo hajasikia kutoka kinywani mwangu. Hakuna mtu aliyewahi kuisikia. Burul mwenyewe sijawahi kumwambia.

Kang.

"Miaka ishirini na minne iliyopita," nikasema, "nilikuwa na mke, Anarkan. Alikuwa na mimba yako, Burul. Jioni ile ya kufa kwake aliniambia, Janish, usiende leo, naona vibaya. Nikamwambia, harusi ya watu haiwezi kukosa mchekeshaji." Kang. "Nikaenda bonde la pili. Unajua nilichekesha nini siku hiyo? Nilifunga mto tumboni. Nilikuwa mwanamke anayezaa. Nilijilaza sakafuni, nikarusha miguu, nikapiga mayowe. Watu walikaribia kupasuka." Kang. "Katikati, kijana akaingia mbio. Ametoka kwetu, na farasi. Amesimama mlangoni hana pumzi. Anasema, Janish, Janish, njoo. Nikadhani mlevi. Nikamvuta katikati, nikampa beseni, nikasema, haya, mkunga amefika! Mwambie mama asukume!"

Sikuweza kuona vizuri. Nilipiga kwa kubahatisha.

"Akalia. Kijana akalia mbele za watu. Nikasema, jamani, mkunga anamwonea huruma mgonjwa! Ukumbi mzima ukaanguka. Nikamshikilia hapo, Burul. Nikamshikilia robo saa nzima. Kwa sababu walikuwa wanacheka."

Feni ilisimama kwa mkwaruzo mmoja.

Halafu kicheko kikaja, na safari hii hakikujizuia. Kilianza bila sauti, kama mtu anayetikisika mabega tu. Kikapanda, kikapanda, kikajaa ua mzima. Na mwishoni kikakatika kwa kwikwi.

Nilikifahamu.

Mwanamke mmoja tu duniani alimaliza kicheko kwa kwikwi. Nilimwoa kwa ajili ya kwikwi hiyo.

"Anarkan?" nikasema.

"Usimwite!" Kalmurat alipiga kelele. "Huyo si yeye! Ni pumzi yake tu aliyobaki nayo huyo shetani! Piga!"

Nikapiga. Kang. Kang. Bolti ya tatu. Ya nne. Kalmurat akaivuta pampu kwa mikono yake yote yenye damu, ikatoka kwa sauti ya jino kung'oka. Papo hapo akaigeuza mdomo chini. Kile kijiko cha maji kikamwagika kwenye mchanga kutoka upande wa maji, mbali na mhimili.

Burul alivuta pumzi moja ndefu ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu. Halafu akatukana. Alimtukana mumewe, akaitukana Urusi, akanitukana mimi. Nikaangusha nyundo, nikakaa chini nikilia kama mtoto.

Kalmurat alinionyesha pampu kwenye mwanga wa tochi. Kwenye mhimili, katikati ya beringi iliyosagika, zilikuwa zimejisokota nywele. Ndefu. Za njano. Hazikuwa na tone la maji.

Sili ilikuwa imebaki kama uzi.

Kalmurat aliizungushia pampu blanketi la sufu, akaifunga kwa waya, akaiweka juu ya tanuri la babu yake. Alichukua pampu mpya kwenye rafu, akakata gasketi kutoka kwenye boksi la viatu, akaipaka gundi. Vidole vyake vilivyochanika viliacha damu kila mahali. Akafunga bolti nne, feni, mkanda. Maji aliyojaza yalikuwa ya pipa la ndani, yaliyochotwa mchana, na kabla ya kuyamimina alitumbukiza humo msumari wa moto. Alipowasha, injini ilinguruma kama injini. Akaweka bisibisi na sikio kila mahali, mara mbili. Halafu akachomoa kisu chake kiunoni, akakipitisha chini ya kichwa cha Burul.

"Ukichomoa hiki," akaniambia, "nitakuja nikuchinje nacho."

Tulifika. Mtoto akazaliwa saa tano usiku, mvulana, anapiga kelele kama mnadi wa kondoo. Tulimwita Temir, maana yake chuma. Nesi alisema Burul ana mapafu mazuri sana. Nilimwambia ndiyo, ameyatumia kunitukana.

Siku ya tatu nilirudi kwa Kalmurat. Tanuri lilikuwa linawaka, makaa meupe. Mikono yake imefungwa bandeji.

"Mimi siwezi kuitia motoni," akasema. "Lazima aitie mwenye damu moja na aliyeibiwa pumzi. Itie, kaka, tumalize."

Nikalibeba lile blanketi. Lilikuwa jepesi, kana kwamba hamna chuma ndani. Nikasimama mbele ya moto, na ndani ya sufu nikasikia kitu kikitikisika, bila sauti, kama mabega ya mtu. Na kwikwi.

"Nitaichoma nyumbani," nikasema. "Nina tanuri la mkate."

Kalmurat akaegemeza koleo ukutani. "Kaka Janish, uko peke yako nyumbani?"

"Niko peke yangu."

"Isilowe basi. Chochote utakachofanya, isilowe."

Haijalowa. Nimeiweka ndani ya mfuko wa chumvi, darini, nyumba ya kijijini, mahali pakavu kuliko pote. Jioni, nikitoka kwenye harusi, napanda ngazi. Nakaa karibu nayo. Namsimulia yaliyotokea, nani alianguka, nani alilewa. Anazipenda za harusi. Si yeye, najua. Nimeambiwa si yeye.

Burul ana mimba nyingine. Imefika mwezi wa nane. Jana alileta mizigo yake kwangu, na Temir amebebwa mgongoni. Amesema hataki tena malisho ya juu, anataka kuzalia hapa chini, karibu na baba.

Usiku mvua ilinyesha. Paa letu linavuja upande mmoja. Niliusogeza mfuko.

Asubuhi Kalmurat amenitumia ujumbe: tanuri linawaka, niilete. Nimemjibu kwamba nakuja kesho.

Hata jana nilimjibu kwamba nakuja kesho.